Kanda la Usufi: Istilahi za Kompyuta na Bati la Kyerwa

Wahakiki wa ushairi tumezoea kupima kilichoandikwa na mtu mmoja, kikatiwa jina lake na kutolewa kitabu. Upo utungo mwingine ambao hatujaupima, nao umetungwa na wengi mbele ya macho yetu katika muda wa miongo miwili na ushei. Nazungumzia istilahi za kompyuta kwa Kiswahili. Nyingi katika hizo ni sitiari. Mtu aliyekaa akaamua kwamba kile kidude kinachoburutwa mezani kiitwe kipanya, alifanya kazi ya mshairi, apende asipende. Na maadamu ni kazi ya mshairi, yafaa ipimwe kwa mizani ya ushairi: inaonesha nini, na inaficha nini?

Dai langu ni kwamba utungo huo, pamoja na uzuri wake, una ila moja kubwa: wepesi ambao si wa kitu kinachoelezwa. Wahenga wetu walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Istilahi zetu zimejazwa usufi huo, na mzigo umebaki mabegani mwa watu ambao sisi wa pwani hatuwaoni. Baadhi yao wako Kyerwa, mkoani Kagera, nami nitafika huko kwa njia ya neno moja. Kwanza, hata hivyo, tuusome utungo wenyewe.

Mwanzo wake ni wa kusifiwa. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi uliojulikana kwa jina la Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za uandishi na mahesabu uliosema na mtumiaji kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake katikati ya muongo huo, na mwaka 2009 Facebook ikafuata. Waliodai kwamba lugha yetu haiwezi kubeba elimu hii walijibiwa kwa vitendo. Mabishano yalikuwapo. Wako walioshika tarakilishi, neno lililofumwa kutokana na tarakimu na akili, na lililopendwa zaidi Kenya. Wako waliochagua ngamizi. Na wengi, masokoni na maskulini, wakabaki na kompyuta yao. Wino mwingi ulimwagika juu ya jina la mashine. Haukumwagika hata tone juu ya picha ambayo maneno haya yote, yakikaa pamoja, yanatuchorea.

Tuyaweke basi pamoja. Barua pepe inanusa upepo. Mtandao unatupeleka kwenye uzi na utando. Dirisha linafunguka penye mwanga. Kipanya kinapita mezani bila ya kula kitu. Juu ya yote limetanda wingu. Ukiyapanga hivyo unapata nyumba isiyo na kuta wala msingi, iliyojaa hewa, ambamo hapana mtu anayetoka jasho. Ni picha ya kupendeza, lakini ni picha ya nyumba ambayo haikujengwa na mtu.

Kwa haki, nitaje maneno mawili yaliyosalimika: kupakia na kupakua. Haya ni maneno ya gati. Mwenye kuyasikia hapa visiwani huona jahazi, ubao wa kupandia, na kuli mwenye gunia begani. Katika kupakua mna sufuria na sahani vilevile. Aliyeyachagua alihisi kwamba hata maandishi ya kompyuta yanapohamishwa pana kitu kinachobebwa na nguvu inayotumika. Laiti utungo wote ungefuata bahari hiyo!

Neno wingu ndilo lililopotea zaidi. Limetoka katika Kiingereza cha wenye viwanda, nasi tukalitafsiri kama lilivyo. Mimi mwenyewe nimo katika lawama hii. Nimepata kutafsiri vijitabu vya maelezo ya vifaa kwa malipo ya ukurasa, na neno wingu nimeliandika mara nyingi bila ya kusita, hali najua kwamba kwa baharia wingu ni habari. Hulitazama kabla ya kutweka tanga, akasoma ndani yake mvua, tufani au salama. Wingu la kompyuta halisomeki. Ukiuliza limekaa wapi huambiwi, na huko kutoambiwa ndiko hasa kulikokusudiwa na sitiari.

Ukweli ni kwamba wingu hilo ni majengo yaliyojaa mashine zinazokula umeme, na njia inayotufikisha kwake imelala sakafuni mwa bahari. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, ukiifikia Dar es Salaam. Wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mikongo hiyo miwili ilikatika baharini, upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti au zikabaki na intaneti ya kujikongoja. Watu walioambiwa miaka yote kwamba mambo yao yamo winguni walitambua kwamba yalikuwa yakipita chini ya maji. Somo lilikuwa kubwa, lakini intaneti iliporejea nalo likasahauliwa.

Ushairi wetu wenyewe haujafanya vizuri zaidi. Mashairi juu ya simu ya mkononi ni mengi, magazetini na katika taarabu. Simu humo ni mjumbe wa wapenzi, au mfitini, au kishawishi kinachovunja ndoa. Malenga hujibizana juu ya faida na hasara zake, vina vikakaa sawa na mizani ikatimia. Karibu zote ni hoja za maadili ya mtumiaji. Ni nadra kukutana na beti inayouliza kidude hiki kimefinyangwa kwa kitu gani, na nani aliyekichimbua kitu hicho. Fundi wa jahazi angeona ajabu kusifiwa chombo bila ya kutajwa mbao zake.

Neno la kuulizia lipo, na ni letu tangu zamani. Ni lehemu. Sonara wa Mji Mkongwe anaijua: ni madini laini yanayoyeyushwa kwa moto mdogo ili kuunganisha kipande na kipande. Asili yake ni Kiarabu, katika shina linalohusu nyama na kushikamana, kama jeraha linavyofunga. Katika shina hilohilo Waarabu wana neno malhama, wanalolitumia leo kwa tendi za mashujaa. Fungua kompyuta yoyote na ndani utakuta ubao mwembamba uliopandwa vipande vidogo vingi, na kila kipande kimeshikizwa kwa tone linalong'aa. Matone hayo ni lehemu. Pasipo hayo hapana dirisha, hapana mtandao, na wingu lote huwa rundo la vipande visivyojuana.

Lehemu ya vifaa vya umeme kwa muda mrefu ilikuwa bati lililochanganywa na risasi, yaani ile metali nzito, kwa kiasi cha sehemu 63 za bati kwa 37 za risasi. Tarehe 1 Julai 2006 ilianza kutumika sheria ya Umoja wa Ulaya iliyozuia risasi katika vifaa vya elektroniki, kwa kuwa ni sumu. Watengenezaji wengi wakahamia lehemu ambayo takriban asilimia 96 yake ni bati, na iliyobaki ni fedha na shaba. Leo karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani huishia katika lehemu. Sheria njema, iliyotungwa kulinda afya, ikaongeza njaa ya bati. Njaa hiyo ndiyo inayotupandisha sasa hadi Kagera.

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Iko katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, nao Mto Kagera unaitenga na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Mgeni wa pwani huona vilima, migomba na mibuni, na hudhani ameona yote. Chini ya vilima hivyo mna bati, nalo limechimbwa tangu enzi za Waingereza. Wanajiolojia wameupa ukanda mzima wa miamba ya huko, unaoendelea hadi Uganda, Rwanda na Burundi, jina la Karagwe-Ankole. Kwa hiyo Karagwe imo katika vitabu vya elimu ya miamba duniani kote. Haimo katika kijitabu chochote cha maelezo ya simu.

Jiwe lenye bati, ambalo wataalamu huliita kasiteraiti, ni la rangi ya kahawia au nyeusi, na uzito wake hauendani na ukubwa wake. Likitiwa kiganjani mkono hushuka. Mchimbaji mdogo hulifuata kwa sururu na beleshi, akautia mchanga wake karaini na kuuosha kwa maji. Mchanga mwepesi huondoka; bati, kwa uzito wake, hubaki chini. Elimu yake yote imo katika kuhisi uzito. Basi tazama kejeli iliyopo hapa: mtu anayelitambua bati kwa uzito wake anamchimbia mtu anayeambiwa kwamba kila kitu chake kimo winguni.

Hata jina la madini yenyewe limetuponyoka. Kwetu pwani bati ni paa. Nilipomwambia jirani yangu kwamba Kyerwa wanachimba bati, aliniuliza kama huko mapaa huota ardhini. Tukacheka, lakini kosa si lake. Mabati ya kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Hayana uhusiano na bati la Kyerwa ila kwa jina. Neno limemwacha mwenyewe likamfuata mgeni, na mwenyewe amebaki hana wa kumtaja.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni masuala ya wanakamusi. Nami namjibu kwamba jina likikosewa kuna mtu anayekosa riziki. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya fedha ijulikanayo kwa jina la Dodd-Frank. Kifungu kimoja ndani yake kinataja madini manne, yaani bati, tantali, tungsteni na dhahabu, na kinayataka makampuni yaliyo katika masoko yake ya hisa yaeleze kama madini wanayotumia yametoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Nia ilikuwa kuyakatia fedha makundi yenye silaha mashariki ya Kongo, na hapana mwenye huruma atakayeilaumu nia hiyo. Lakini majirani wa Kongo ni tisa, na Tanzania ni mmoja wao. Kyerwa, ambayo haimo katika vita hivyo, ikatiwa katika sentensi moja na vita. Kwa mnunuzi aliye mbali, njia rahisi kuliko zote ni kuiepuka sentensi nzima.

Huko Rwanda na Kongo magunia yakaanza kufungwa lebo zenye namba, ili asili ya kila gunia ijulikane. Katika biashara ya namna hiyo gunia lisilo na lebo ni kama mtoto asiye na jina. Bati likivuka mto kwa magendo hupata uraia mwingine, na shimo lililolitoa hufutika katika hesabu. Mwaka 2019 Tanzania ilianzisha masoko ya madini, na bati la Kyerwa nalo likapata soko lake. Ni hatua ya kusifiwa, kwa sababu mizani ikiwekwa hadharani mchimbaji huona kwa macho yake kinachosemwa juu ya jasho lake.

Bei, hata hivyo, haitungwi Kyerwa. Bati limeuzwa katika soko la metali la London tangu soko hilo lilipoanzishwa mwaka 1877. Oktoba 1985, Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likiishikilia bei, liliishiwa fedha na kuanguka, na biashara ya bati katika soko hilo ikasimamishwa kwa miaka. Machi 2022 bei ilipita dola 50,000 kwa tani. Oktoba ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka chini ya dola 20,000. Jiwe lilikuwa lilelile, na shimo lilikuwa na kina kilekile. Mwenye simu hakuona tofauti yoyote. Kwa anayeuza kwa kilo, kushuka namna hiyo ni suala la ada ya skuli na chumvi ya nyumbani.

Inafaa kukumbuka kwamba nchi hii ya Karagwe ilikuwa na namna yake ya kuheshimu metali. Mfalme Rumanyika, aliyewapokea Waingereza Speke na Grant mwaka 1861 na kisha Stanley mwaka 1876, alikuwa na hazina ya vitu vya chuma na shaba, wakiwamo ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu. Wanaakiolojia Andrew Reid na Rachel MacLean walichapisha mwaka 1995 uchunguzi wao juu ya maana ya ufuaji chuma katika Karagwe, wakionesha jinsi kazi hiyo ilivyofungamana na ufalme wenyewe. Fuawe lilikuwa alama ya enzi. Mtu aliyetaka kuonesha ukuu wake hakuuficha moto uliomtengenezea vitu vyake, bali aliuweka mahali pa kuonekana.

Walakini nisije nikakosea kwa kupamba yaliyopita. Hazina ile ilikuwa ya mfalme. Jina la Rumanyika tunalo, lakini wale waliochoma makaa na kuvukuta moto hawakuandikwa popote. Kuwasahau wenye kazi hakukuletwa na kompyuta. Tofauti ni kwamba zamani moto ulionekana hata kama jina la mwenye moto halikuonekana. Leo sitiari imeufunika na moto wenyewe.

Na nchi hii ina lugha na ushairi wa kusaidia. Tendi za enanga, zinazoimbwa kwa zeze la mbao katika Buhaya na jirani zake, zimekusanywa na kuchambuliwa na Mugyabuso Mulokozi, mshairi wetu mwenyewe wa Kiswahili. Lugha ya Karagwe, Runyambo, imeandikiwa sarufi na Josephat Rugemalira, iliyotoka mwaka 2005. Mfasiri anayetafuta namna ya kutaja jiwe, shimo na maji ya kuoshea angeweza kuuliza huko kabla ya kuuliza kwa wenye viwanda. Katika vijitabu vyote nilivyowahi kutafsiri, sikuwahi kuuliza huko hata mara moja.

Pana pingamizi mbili za kujibu. Ya kwanza: sitiari hizi zimekwisha kufa, hapana anayeona panya katika kipanya wala mvua katika wingu. Nakubali kwamba zimekufa, lakini sitiari iliyokufa ndiyo inayotawala zaidi, kwa kuwa hapana tena anayeihoji. Ya pili: teknolojia hii imetufaa, na ni ukosefu wa shukurani kuinung'unikia. Ni kweli imetufaa. Fedha za simu, tangu M-Pesa ilipofika Tanzania mwaka 2008, zimewafikia watu ambao benki hazikuwaona. Huko Karagwe, redio ya jamii ya FADECO imezungumza na wakulima juu ya mambo ya shamba, nayo haiwezi kusikika bila ya mitambo iliyolehemiwa. Mimi mwenyewe makala haya nimeyapiga kwenye kompyuta. Lakini mwenye shukurani humjua anayemshukuru. Kushukuru wingu ni kushukuru hewa.

Sipendekezi wingu lifutwe. Maneno hayafutwi kwa amri, na mabaraza yetu ya Kiswahili, Bara na Zanzibar, yana kazi nyingine. Napendekeza mambo madogo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mfasiri anapoandika wingu, aandike angalau mara moja mahali mashine zilipo na njia zinamopita. Mwanakamusi atenganishe kwa uwazi bati la paa na bati la ardhini. Na malenga wa kurasa hizi, ambao nawaheshimu kuliko wote, watakaporudi kwenye mada ya simu, kama watakavyorudi, wajaribu kuipima kwa lehemu na kwa karai, waone vina vitawapeleka wapi. Huenda shairi likawa zito zaidi mdomoni. Haidhuru.

Kwa upande wangu nimeanza kujirekebisha. Katika kijitabu nilichotafsiri mara ya mwisho, penye sentensi iliyosema kwamba picha za mteja zitakuwa winguni, niliongeza maneno matatu: katika mashine zetu. Mwenye kazi aliyafuta, kwa maelezo kwamba hayamo katika asili. Alikuwa na haki kisheria. Lakini alipoyafuta ilimbidi kwanza ayasome, na kwa muda wa kuyasoma, kanda lile la usufi lilikuwa na uzito wake.